Kusafisha tangi la samaki bila kuharibu silikoni: ununue nini, uache nini

Tangi la samaki lililotumika huja na uchafu wake: ukoko wa chokaa pale maji yalipoishia, gundi ya stika, pengine rangi ya bluu iliyopakwa nyuma. Ukitazama stoo unaona kopo la tina, kimiminika cha kuchanganyia rangi, lililobaki baada ya kupaka nyumba. Liache hapo hapo. Mimi nililitumia kufutia gundi kwenye kona. Silikoni, yaani ile gundi ya mpira inayoshikanisha vioo, ikavimba na kulainika, kesho yake ikanywea, nikaiona nzima. Baada ya siku chache, usiku, kona ile ile ikaanza kuvuja. Tangi la lita 100 limebeba kilo 100 za maji, na yote yaliishia sakafuni.

Silikoni ni mpira unaokataa maji lakini unakunywa vitu vya jamii ya mafuta. Ukilowekwa kwenye toluini, kiyeyushi kinachopatikana kwenye tina nyingi, mpira huo hurefuka kwa takriban 31%, na hapo ujazo wake umezidi mara mbili. Kwenye heksani, ndugu yake petroli, ni 35%. Asetoni huurefusha kwa 6% hivi, isopropili (alkoholi ya famasi) 9%, ethanoli (alkoholi ya kwenye spiriti) 4%. Kioo chenyewe hakivimbi hata kidogo, kwa hiyo mpira unapotanuka na kunywea hujivuta pale ulipokishika kioo. Ndiyo maana ufa hauonekani kwa macho mpaka maji yatiwe.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni siki nyeupe ya dukani, yenye asidi ya asetiki karibu 5%. Ni rahisi, silikoni haiogopi, na kazi kubwa ya tangi kuukuu ni chokaa, hasa kama maji yako ni ya kisima. Lowesha kitambaa, kibandike juu ya ukoko nusu saa, kisha sugua na usuuze.

Namba mbili ni isopropili alkoholi. Gundi ya stika na alama za vidole zinatoka, na inakauka bila kuacha kitu. Ya famasi ya 70% inatosha kwa kufuta. Ukitaka kupaka silikoni mpya, tafuta ya 99%, kwa sababu ile nyingine ina maji. Spiriti ya zambarau naiweka chini yake kwa ajili ya rangi na dawa zilizotiwa ndani.

Asetoni ni ya tatu, tena iwe safi. Ile ya kuondolea rangi ya kucha mara nyingi ina mafuta na manukato yanayobaki kwenye kioo, na silikoni mpya haitashika hapo. Futa nayo juu juu, usiloweke, na usiisogeze karibu na jiko. Tangi la akriliki, yaani la plastiki ngumu badala ya kioo, lisiguswe kabisa na asetoni wala spiriti, litapasuka nyufa ndogo ndogo.

Jiki ni ya kuua vijidudu tu, si ya gundi wala chokaa. Changanya kidogo kwenye maji mengi, suuza mara kadhaa, na kamwe usiikutanishe na siki: hutoa gesi ya klorini.

Petroli, mafuta ya taa, tapentaini na tina sizipi namba. Hazifai, hata kwa tone.

Dawa za kuyeyushia silikoni nazo usizikimbilie. Kama kona inavuja, pesa hiyo nunua nyembe na tyubu ya silikoni halisi isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, maana ile ya bafuni inaweza kuua samaki. Silikoni mpya haishiki juu ya kuukuu, kwa hiyo kwangua ya zamani yote mpaka kioo kitupu, kisha futa kwa isopropili.

Harufu ya siki utakayoisikia baada ya kupaka ni asidi inayotoka silikoni inapokauka. Ipe wiki nzima, na harufu iwe imekwisha. Halafu weka tangi uani juu ya magazeti makavu, lijaze, uliache siku mbili. Gazeti likilowa, samaki wasubiri.