Rauta ya nyumbani: ipi uchukue, ipi uiache dukani

Wakuu, ukienda Kariakoo kutafuta rauta utaoneshwa antena kwanza, hii ina nne, hii ina sita. Achana nazo. Geuza boksi usome vitu viwili, kama ina 5 GHz (masafa ya waifai yenye kasi kuliko yale ya 2.4) na kama poti za waya zimeandikwa 10/100/1000, yaani spidi zake kwa Mbps. Ikiishia 10/100 na wewe kifurushi chako ni kikubwa, irudishe, maana hapo spidi haivuki Mbps 100. Mimi nililipia Mbps 200 miezi mitatu, kila nikipima kwa waya naona 94, nikawa nawapigia watu wa fayba kila wiki, kumbe karauta kangu ndo kalikuwa kanabana.

Namba moja kwangu ni TP-Link Archer C6. Ina 2.4 na 5 GHz, poti zote gigabiti (yaani ile 10/100/1000), nyumba ya vyumba vitatu yenye tivii, simu na laptop mbili inaimudu vizuri. Usiichanganye na C50, kwa nje zinafanana ila C50 poti zake ni 10/100. Ya pili Archer AX23, hii ni Wi-Fi 6, kizazi cha waifai kipya kuliko cha C6, ni nzuri zaidi kweli ila simu zenu zikiwa za zamani hela mliyoongeza hamtaiona. Kama mko wengi na vifaa vipya, basi anza na hii.

Fayba haijafika mtaani kwenu? Chukua ya laini ya simu, Archer MR600, uiweke dirishani upande wa mnara. Kabla hujalipa chomeka laini yako hapo hapo dukani ufungue intaneti, maana kuna rauta zimefungwa mtandao mmoja na muuzaji hakwambii. MiFi, ile ndogo ya mfukoni ya laini, ni ya safari, familia nzima ikiingia inachoka.

Ya mwisho TL-WR840N. 2.4 peke yake, poti 10/100, kwa chumba kimoja na kifurushi cha Mbps 10 sawa tu.

Ukifika nyumbani usiifiche nyuma ya tivii, iweke koridoni juu juu, 5 GHz inakufa haraka kwenye kuta za tofali. Na ukinunua yupiesi ndogo (betri ya kuwasha rauta umeme ukikatika), soma volti kwenye adapta zako kwanza, afu na kile kiboksi cha fayba kichomeke humo humo, la sivyo waifai itawaka na intaneti haipo.