Spika ya Bluetooth au jozi ya spika za waya kwa chumba cha Lamu?

Kwa kusikiliza taarab kitandani, spika moja ya Bluetooth yatosha: bei nafuu, na stima ikipotea betri inaendelea. Ila betri hiyo huchoka baada ya miaka, na kuibadilisha ni kazi.

Kwa anayepiga kinanda, nasimama na jozi ya waya. Bluetooth huchelewesha sauti: unabonyeza, noti inafuata nyuma. Na vyumba vya mawe vya Mji wa Kale ni vyembamba, kwani upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Besi hurundikana kwenye kona. Sogeza spika mbali na ukuta, tundika pazia zito lipunguze mwangwi. Hewa ya chumvi hula plagi, basi zifute.

Mpangaji anayehamahama achukue Bluetooth. Mwenye meza yake ya kudumu, jozi.