Uzoefu wangu: ovaholi mpya, shaba kwenye filta, na jibu la "ni kawaida"

Injini ya zamani ilikufa kwa beringi, yale maganda laini ya metali yanayobeba vyuma vinavyozunguka. Ilianza kugonga kwa chini kila nikikanyaga mafuta, nami nikafanya kama wengi wetu tunavyofanya: nikaongeza sauti ya redio. Wiki mbili baadaye beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) ya silinda ya tatu ilizunguka kwenye makazi yake, na safari ikaishia hapo. Nikaipeleka gari kwenye gereji inayofanya ovaholi kamili, yaani kuifungua injini yote na kuijenga upya. Jina lake siliandiki. Nataka kuisema kazi yao, yenye mazuri na mabaya, pamoja na vitu viwili nilivyolazimika kuvilipia baadaye: kikata filta, na huduma ya maabara ya kupima oili.

Kwanza nitoe sifa. Kranki, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, ilichongwa ikapungua 0.25 mm na kuwekewa beringi nene za kulingana nayo. Silinda zilipanuliwa kwa 0.50 mm zikapewa pistoni za saizi hiyo. Pampu ya oili ikawekwa mpya bila mimi kuomba. Kilichonifurahisha zaidi ni karatasi waliyonipa, imeandikwa kwa mkono, yenye kipimo cha kila beringi: nafasi ya 0.04 mm kati ya beringi na kranki kwa zote, tofauti ndogo hapa na pale. Fundi anayeandika vipimo ni fundi aliyepima. Pia walinirudishia beringi za zamani kwenye mfuko wa plastiki. Nilizichukua kwa ubishi tu, wala sikujua kwamba ndizo zingenitoa kwenye mtego.

Siku ya kuwasha presha ya oili ilipanda vizuri. Baada ya dakika 30 za kwanza tuliimwaga oili yote. Ilikuwa ya kijivu na ukiitazama juani inameremeta, kama rangi ya gari ya metali iliyochanganywa na mafuta. Nilishtuka. Fundi akacheka: "Bosi, hiyo ni kawaida. Ringi zinajitafutia nafasi."

Na hapo alikuwa sahihi kabisa. Silinda iliyotoka kusuguliwa kwa mawe ya msasa haiwi laini. Huachiwa mikwaruzo midogo inayokatizana ili ishike oili. Vilele vya mikwaruzo hiyo hukatwa na ringi za pistoni katika saa za mwanzo, na kinachotoka ni unga wa chuma laini sana. Nati ya sampu (karai la oili chini ya injini) ina sumaku, na juu yake palikuwa na tope la kijivu. Nikalisugua kati ya vidole: laini kama unga wa penseli, halikwaruzi. Tope la namna hiyo kwenye injini ya siku moja halimnyimi mtu usingizi.

Kisha nikaizoeza injini kama nilivyoelekezwa. Sikuiacha iungurume muda mrefu imesimama, sikushikilia mwendo mmoja, na kila mara niliipa mzigo kidogo kisha nikaachia ili ringi zisukumwe ukutani. Kilomita 800 zilipofika nikamwaga oili tena, safari hii mwenyewe. Rangi yake ilikuwa imetulia, mng'ao umepungua, nikaanza kujipongeza. Halafu nikaliinamisha beseni.

Chini kabisa kulikuwa na magamba. Si unga, ni magamba bapa, rangi ya shaba, baadhi ukubwa wa ncha ya kalamu. Nikapitisha sumaku, hakuna hata moja lililotikisika. Nikampigia fundi, nikamweleza nilichokiona. Jibu likawa lile lile, neno kwa neno: ni kawaida, bosi. Hapo ndipo nilipoanza kukasirika. Unga wa kijivu unaoshikwa na sumaku na magamba mekundu yasiyoshikwa ni vitu viwili tofauti, haviwezi kuwa na jibu moja. Hakuniuliza rangi, wala ukubwa, wala kama sumaku inayashika.

Basi nikanunua kikata filta. Ni kifaa kinachofanana na kikata mabomba: unakibana kwenye kopo la filta, unazungusha, gurudumu lake lenye makali linakata bati polepole mpaka mfuniko unatoka. Usije ukatumia msumeno wa chuma. Msumeno humwaga chembe zake ndani ya filta, kisha utakaa unachunguza uchafu ulioutengeneza mwenyewe. Changu kinafanya kazi safi ila kinadai nguvu ya mkono, na skrubu yake ya kubania ni fupi mno kwa filta pana. Ilinibidi niizungushe kwa koleo. Filta niliiacha imeinama usiku kucha ichuje. Asubuhi nikaikata, nikaitoa karatasi iliyokunjwakunjwa, nikaikamua kwenye jiriwa ikiwa imezungushiwa kitambaa, halafu nikaikunjua yote mezani. Ukikunjua kwa mara ya kwanza utashangaa urefu wake. Na mikunjo ilikuwa inametameta. Nilihesabu magamba thelathini na kitu nikaacha kuhesabu.

Wakati huo huo nilikuwa nimepeleka chupa ya oili maabara. Hapa nahitaji kuwa mwadilifu kwa sababu nilikaribia kuwaandika vibaya bure. Huduma yao ni ya haraka, maelekezo ya kuchukua sampuli yanaeleweka (chukua oili ikiwa ya moto, katikati ya kumwaga, usichukue ile ya kwanza wala ya mwisho), na ripoti inasomeka. Chuma kilikuwa 62 kwa kila sehemu milioni, shaba 14, silikoni 48. Maoni yao: viwango vya kawaida kwa injini iliyotoka kufanyiwa ovaholi, pima tena kwenye oili ijayo. Silikoni ile kubwa walinieleza pia, kwamba mara nyingi hutoka kwenye gundi mpya ya gasketi na hushuka yenyewe, ingawa kwenye injini ya zamani ingekuwa dalili ya vumbi linaloingia kupitia filta ya hewa.

Nikalala vizuri siku mbili. Siku ya tatu nikajiuliza: kama shaba ni 14 tu, mezani kwangu pana nini?

Jibu ni kwamba mashine ya maabara na macho yangu havikuwa vinatazama kitu kimoja. Kipimo kile huchoma oili na kusoma mwanga wa kila metali, lakini kinazisoma vizuri chembe ndogo tu, takribani chini ya mikroni 5 hadi 10. Filta ya kawaida inaanza kushika vizuri kuanzia mikroni 20 hivi kwenda juu, na jicho la mtu huanza kuona punje karibu na mikroni 40. Gamba la ukubwa wa ncha ya kalamu kwa mashine ile ni kama halipo. Kwa hiyo ripoti haikusema uongo. Ilinijibu swali la uchakavu wa polepole, wakati swali langu lilikuwa la vipande vinavyovunjika. Maabara hiyo hiyo wana huduma nyingine ya kuchunguza uchafu wa filta chini ya hadubini. Laiti fomu yao ingesema wazi tofauti ya huduma hizo mbili, ningejiokolea siku mbili za amani ya bandia.

Sasa turudi kwenye ule mfuko wa plastiki. Niliumimina mezani karibu na karatasi ya filta. Beringi za zamani zilikuwa za tabaka tatu: mgongo wa chuma, katikati aloi ya shaba na risasi, juu utando mwembamba wa rangi ya kijivu. Ile ya silinda ya tatu utando wote ulikuwa umeliwa, shaba imebaki uchi na imemenyeka. Kisha nikatafuta boksi la beringi mpya. Aloi ya alumini na bati juu ya mgongo wa chuma. Zikimenyeka zitatoa magamba meupe ya kung'aa kama fedha. Haziwezi kutoa magamba mekundu.

Nikaanza kuondoa washukiwa wengine. Turbo haina. Pini za pistoni zimebanwa kwenye konrodi bila bushi za shaba. Washa zinazozuia kranki isiteleze mbele na nyuma ni mpya, nazo ni za alumini. Ndani ya injini yangu mpya hapakuwa na kitu chochote kinachoweza kutoa gamba la shaba la ukubwa ule. Niliyokuwa nayatazama ni mabaki ya injini ile iliyokufa. Yalikuwa yamejificha mahali, na sasa oili ya moto ilikuwa inayafukua taratibu.

Nilirudi gereji na karatasi yangu ya filta kama mtu anayebeba ushahidi mahakamani. Fundi wa kwanza alianza wimbo wake. Msimamizi wao, mzee mmoja mtaratibu, alimnyamazisha, akachukua gamba moja kwa ncha ya kucha, akalitazama, akauliza swali moja tu: "Kile kipozea oili mlikiosha kwa kutumia kitu gani?" Kwa petroli na upepo wa kompresa. Mzee akatikisa kichwa.

Kipozea oili kwenye injini yangu kimekaa kati ya bloku na filta, na ndani yake ni vijia vyembamba vilivyopangwa kama kurasa za kitabu. Injini ikila beringi, magamba huingia humo na kujibana. Upepo hupita panapopitika na kuacha panapoziba. Kwa bahati, kwangu oili hupita kwenye kipozea kwanza ndipo iingie filta, kwa hiyo filta ndiyo iliyokuwa inayapokea magamba. Zipo injini zenye mpangilio wa kinyume, na huko yangekwenda moja kwa moja kwenye beringi. Hata kwangu ulinzi haukuwa kamili. Filta ina valvu ya dharura inayofunguka oili ikiwa baridi na nzito au karatasi ikiziba, ili injini isikose oili kabisa, na valvu ikifunguka, oili inapita bila kuchujwa. Kila asubuhi nilipowasha gari nilikuwa nacheza kamari.

Walishusha sampu, wakafungua beringi mbili za kranki na ile ya konrodi ya tatu. Nafasi bado 0.04 mm. Za kranki zilikuwa safi. Ya konrodi ilikuwa na mikwaruzo myembamba ya kuzunguka na punje moja nyekundu iliyozama kwenye alumini laini, wakabadilisha jozi ile. Njia za oili ndani ya bloku hazikuwa na kitu, maana walikuwa wameng'oa vizibo vyake na kuziosha kwa brashi, sabuni na maji ya moto, jambo ambalo gereji nyingi huruka. Kazi ngumu waliifanya vizuri, wakakosea kwenye kitu cha kufungua boliti nne. Mzee alikipasua kipozea mbele yangu kwa grainda. Sitasahau jinsi magamba yalivyomwagika.

Malipo tuligawana baada ya mabishano: wao kazi, gasketi, beringi na oili, mimi kipozea kipya. Bado naona walipaswa kulipa vyote. Injini iliyokula beringi hairudishiwi kipozea chake, na aliyepaswa kulijua hilo si mteja.

Baada ya kilomita nyingine 800 nilikata filta nikakuta magamba manne. Iliyofuata, baada ya kilomita 3,000, sikuona gamba lolote, ni nyuzi chache za gundi ya gasketi. Maabara ikatoa chuma 31 na shaba 5, silikoni imeshuka mpaka 17. Ukizingatia kwamba oili hii ilikaa karibu mara nne ya umbali wa ile ya kwanza na chuma kimekuwa nusu, ringi zimekaa.

Gereji naipa nyota tatu: nne na nusu kwa uchongaji na vipimo, moja kwa usafi wa kipozea, na nyingine nimewakata kwa ajili ya yule fundi aliyenijibu kwenye simu. Maabara nne. Kikata filta tano, pamoja na skrubu yake mbovu.