Kupiga Kambi Joshua Tree: Tumelala Sehemu Tano, Niwaambie Ipi Inafaa

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni. Leo sichambui simu wala begi, nachambua mahali pa kulala. Tangu nilipoweka zile picha za Joshua Tree, swali ninaloulizwa kila siku ni moja: "Dada, tukienda tulale wapi?" Basi mwezi wa 11 tulirudi, mimi, mume wangu na watoto wetu wawili. Tulikaa usiku sita tukalala sehemu tano: tatu ndani ya hifadhi, mbili nje. Kote tumelipa wenyewe pale panapolipiwa, hakuna aliyetudhamini.

Kwa asiyepajua, Joshua Tree ni hifadhi ya taifa kusini mwa California, Marekani, mwendo wa kama saa mbili na nusu kwa gari kutoka Los Angeles, na zaidi ya hapo ukikutana na foleni. Majangwa mawili yanakutania humo, Mojave kwa juu na Colorado kwa chini. Kwa mwaka wanaingia watu karibu milioni 3. Nafasi za kupiga kambi ndani ni karibu 500 tu. Hesabu hiyo inatosha kukuonyesha kwa nini watu wanafika Ijumaa jioni na kuishia kulala kwenye gari wasikojua.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hili ndilo kubwa. Watu wengi wanachagua kambi kwa kuangalia picha. Joshua Tree chagua kwa kuangalia bomba. Ndani ya hifadhi kuna kambi nane za magari, na zenye maji ya bomba ni mbili: Black Rock na Cottonwood. Hizo sita nyingine, hata tone la kunawia mikono halipo. Utakuta meza, sehemu ya kuwashia moto na choo cha shimo, basi. Wenye hifadhi wanashauri angalau lita 4 za kunywa kwa mtu mmoja kwa siku, na mara mbili ya hapo kama utapanda milima. Sisi wanne, ukiweka na kupika na kuosha vyombo, tulikuwa tunamaliza dumu la lita 20 kila siku. Hiyo ni Novemba, jua likiwa pole. Kwa hiyo kabla hujauliza kambi ipi ina mandhari nzuri, uliza gari lako linabeba madumu mangapi.

Jambo la pili ni barabara. Ukiangalia ramani haraka utadhani kambi zote nane zimo kwenye hifadhi moja na unazizungukia tu. Sivyo. Black Rock iko pembeni upande wa mji wa Yucca Valley, na Indian Cove ina njia yake inayotoka barabara ya 62. Hizi mbili hazina barabara ya gari inayokupeleka katikati ya hifadhi. Kila ukitaka kwenda kuona ile miamba mikubwa, unatoka nje, unashika barabara kuu, unaingia tena kwa geti. Tuliona familia moja imechukua Indian Cove ikitegemea kutembea kwa miguu hadi Skull Rock, mwamba maarufu ulio katikati ya hifadhi. Haiwezekani.

Haya, twende kambini. Usiku wa kwanza na wa pili tulilala Jumbo Rocks. Ndiyo kubwa kuliko zote, nafasi 124, na iko mita 1,340 kutoka usawa wa bahari. Sitazunguka: hii ndiyo niliyoipenda. Hema letu tulilisimamisha kwenye kona, mwamba umetuzunguka pande tatu kama ukuta wa ua. Jua linapozama mwezi huo, kabla hata ya saa 11 jioni, baridi inashuka haraka mno. Lakini nenda ukaweke kiganja kwenye mwamba. Una joto! Umekunywa jua mchana kutwa na sasa unalirudisha polepole. Ukikipitisha kiganja, chembechembe zinang'oka na kubaki mkononi, kubwa kama chumvi ya mawe, nyingine zinametameta. Mwanangu wa kike aliketi ameegemeza mgongo pale hadi chakula kikaiva. Miamba hiyo ilipoa kutoka kwenye uji wa moto chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, na mvua na upepo vimekuwa vikiifunua tangu hapo. Mimi niliyajua hayo kwa kusoma, ila mtoto aliyajua kwa mgongo.

Usiku wenyewe sasa. Mwaka 2017 hifadhi hii ilitambuliwa kimataifa kuwa eneo la anga la giza. Tulizima taa tukasubiri kama dakika ishirini macho yazoee, kisha njia ya maziwa ikajitokeza kutoka upeo mmoja hadi mwingine. Hapo mtandao wa simu hakuna kabisa, kwa hiyo hata watoto hawakuwa na pengine pa kutazama. Mtu akiniuliza kwa nini asilale hotelini mjini aingie hifadhini asubuhi, nitampa jibu hilo. Mchana wa Joshua Tree unaweza kuupata ukitokea popote. Usiku wake ni wa aliyelala humo.

Kasoro zipo, na nizitaje. Jumbo Rocks ni kambi yenye watu wengi, na nafasi nyingine ziko kando kabisa ya barabara ya ndani, kila gari likipita taa zinaingia hemani. Kabla ya kulipia, fungua ramani ya kambi uangalie namba yako imekaa wapi. Jenereta zinaruhusiwa kwa saa maalumu, ikiwemo saa 1 hadi 3 asubuhi, na jirani yetu mwenye gari la kulala hakupoteza hata dakika moja ya ruhusa yake. Kimya kinaanza saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kwa kweli watu walikiheshimu. Tulilipa dola 20 kwa usiku, mbali na kiingilio cha gari, dola 30, kinachokupa siku 7. Bei za kambi hubadilika, kwa hiyo zihakikishe kwenye tovuti ya Recreation.gov ambako ndiko unakoweka nafasi. Nafasi moja inaruhusu watu 6, mahema 3 na magari 2.

Kuweka nafasi kunafunguliwa miezi 6 kabla. Wikendi za masika na za vuli zinaisha mapema sana, ila watu hughairi. Mimi nilipata Jumbo Rocks siku nane kabla ya safari kwa kufungua tovuti kila asubuhi nikinywa chai. Msikate tamaa mkiona pamejaa.

Usiku wa tatu tulihamia Indian Cove. Iko chini zaidi, kama mita 975, na tofauti ya baridi tuliihisi mara moja, watoto walilala bila kofia. Kuta za miamba zinaanza pale pale nyuma ya meza yako. Wapandaji miamba wanapapenda, na watoto nao wanapata pa kupanda huku mnawaona. Maji hayapo kambini, lakini kuna bomba kwenye kituo cha askari wa hifadhi hapo njiani, na mji wa Twentynine Palms uko karibu ukisahau kiberiti. Mwenye watoto wadogo ambaye safari yake si ya kukimbia kuona kila kitu, namwambia achukue hapa. Jambo moja ujue: karibu na mji huo kuna kambi kubwa ya wanamaji wa jeshi la Marekani, na wakiwa mazoezini unaweza kusikia mshindo wa mbali. Sisi tuliusikia mara mbili alasiri. Msiogope.

Cottonwood tulilala usiku wa nne, na nitaipitia haraka. Maji yapo, vyoo vya kuvuta maji vipo, ni safi, ni tulivu. Lakini iko kusini kabisa, karibu saa nzima kwa gari hadi kwenye miamba ya Jumbo Rocks, na huko chini miti ya joshua yenyewe, ile iliyoipa hifadhi jina lake, haioti! Mtu aliyekuja kwa ajili ya mti huo atahuzunika. Wenye kupenda kutembea ndio watafurahi, maana njia ya kwenda Lost Palms Oasis inaanzia hapo, kama kilomita 12 kwenda na kurudi, na mwisho wake unakuta mitende imejificha bondeni. Ukiwa njiani kurudi kaskazini, simama kwenye bustani ya cholla wakati jua limelala upande. Ila shika mkono wa mtoto. Miiba ya ile kaktasi inang'ang'ania nguo na ngozi ukiigusa kidogo tu. Beba kitana cha nywele. Kitana ndicho kinachoutoa, ukitumia vidole unahamishia vidoleni.

Sasa nje ya hifadhi. Ukitoka geti la kusini ukikaribia barabara kuu ya I-10, kuna ardhi ya umma inayosimamiwa na serikali kuu kupitia idara inayoitwa BLM. Hapo kulala ni bure. Huweki nafasi, unatafuta mahali palipokwisha kutumiwa na wengine, unaegesha. Kikomo ni siku 14 ndani ya siku 28. Ni bure, na hakuna chochote: si choo, si maji, si meza, si pipa la taka. Ukitaka kuwasha moto, hata jiko la gesi, unahitaji kibali cha moto cha California. Hakilipiwi, unakipata mtandaoni. Usiwashe bila kuwa nacho.

Hapa ndipo yalipotukuta. Tulifika saa 10 jioni, hewa imetulia kabisa, tukapigilia vigingi vyetu vya kawaida vya alumini kwenye changarawe tukaona vimeshika. Saa 7 usiku upepo ukaja. Mara ya kwanza hema lilitikisika, mara ya pili upande mmoja ukanyanyuka, na mume wangu akalala juu ya kona ile kwa mwili wake mzima wakati mimi nawahamishia watoto kwenye gari. Asubuhi nikakiokota kigingi kimoja. Kilikuwa kimepinda katikati kama kidole kilichokunjwa, na ncha yake haina hata alama ya udongo mgumu. Hakikuwa kimeshika kitu, kilikuwa kimesimama tu mchangani. Ukija kwa barabara ya I-10 kutokea Los Angeles, kabla ya kufika Palm Springs unapita kati ya mitambo ya upepo isiyohesabika. Haikuwekwa pale kwa urembo. Basi ukilala uwanda wazi namna hii, chukua vigingi virefu vya mchangani, au jaza mifuko imara mchanga, funga kamba za hema, uifukie. Na liegeshe gari upande upepo unakotokea.

Kwa hiyo ardhi ya bure naipendekeza kwa mwenye gari la kulala, au mwenye hema imara na madumu ya kutosha na choo chake cha kubeba. Kwa anayepiga kambi mara ya kwanza, hapana.

Usiku wa sita tulilipia kambi ya binafsi mjini, kwa sababu tulitaka kuoga. Ndani ya hifadhi nzima hakuna bafu, mlijue hilo. Sitaitaja jina. Maji ya moto yalikuwepo na tuliyafurahia mno, lakini tulilipa zaidi ya mara mbili ya Jumbo Rocks, na taa ya njia iliwaka juu ya hema letu usiku kucha. Nyota tulizohesabu zilikuwa chache. Mwenye gari la kulala anayetaka umeme na maji ya kuunganisha hana jinsi, maana ndani ya hifadhi huduma hiyo haipo kambi yoyote. Wewe mwenye hema, kabla ya kulipa uliza taa zao zinazimwa saa ngapi.

Mmeniuliza pia kuhusu kambi nyingine za ndani ya hifadhi: Hidden Valley, Belle na White Tank. Hizo haziwekewi nafasi, anayewahi ndiye anayepata. Hidden Valley ina nafasi 44 tu, na wapandaji miamba wanaifuata kutoka kila pembe ya dunia. Tulipita Alhamisi asubuhi hapakuwa na hata moja. Watu wanatakiwa kuondoka kufikia saa 6 mchana, kwa hiyo kajaribu Jumatatu au Jumanne kabla ya saa hiyo, na uwe na mpango wa pili. Belle ina 18 na White Tank 15, ndogo na zenye giza zuri. Black Rock tuliingia kuangalia tu: maji yapo, vyoo vizuri, na maduka makubwa ya Yucca Valley hayako mbali. Kwa anayeogopa jangwa na anataka kujaribu usiku mmoja, ni mwanzo mzuri.

Kiangazi, sikushauri kabisa. Joto linapita nyuzi 38 na kivuli hakuna. Kuni nunueni mjini kabla ya kuingia, maana kuokota hata kijiti kikavu ndani ya hifadhi hakuruhusiwi. Na mafuta jazeni pia, ndani hakuna kituo.

Mimi nimeshaweka nafasi ya mwezi wa 3, Jumbo Rocks, katikati ya wiki, siku ambayo mwezi unaandama ili anga liwe jeusi kabisa. Safari hii nabeba vigingi vya mchangani na dumu moja la ziada. Mwenye swali kuhusu hema tulilotumia aliandike hapo chini, nitalijibu leo usiku.