Vipimo havioni kitu, mgongo bado unauma: tumepima MRI, fiziotherapia, mashine ya TENS na mkanda wa kiuno

Mtu anayeumwa mgongo zaidi ya wiki 12, na hakuna aliyempa jina la ugonjwa wake, huwa mteja wa kila muuzaji. Leo anaambiwa avae mkanda, kesho anunue mashine, keshokutwa abadili godoro, kisha arudie picha kwa sababu ile ya kwanza haikuonyesha kitu. Hapa tunavipima vitu hivyo kwa kipimo kimoja: baada ya wiki sita, je, mtumiaji anakaa, anainama, anatembea na kulala vizuri kuliko alivyoanza? Kitu kinachotuliza kwa saa moja huku mtu akizidi kujifungia kitandani, kwetu hakijafaulu.

Tunachoshauri tukiseme mapema. Kama pesa inatosha kitu kimoja tu, lipia kikao cha kwanza cha fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi na mikono, chenye uchunguzi kamili. TENS, mashine ndogo inayopitisha umeme kwenye ngozi, ni msaidizi kwa baadhi ya watu. Mkanda una kazi ndogo sana. MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, ikifanywa harakaharaka mara nyingi huacha hofu mahali ambapo mtu alitafuta jibu.

Ila kuna dalili ambazo hazingoji kifaa chochote. Mkojo kugoma kutoka au kutoka bila kujijua, ganzi sehemu za siri na katikati ya makalio, miguu yote miwili kulegea: hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo, kwa sababu neva zilizo mwisho wa uti wa mgongo zinabanwa, na zikichelewa kufunguliwa huenda zisirudi kama zamani. Homa, jasho la usiku, kukonda bila sababu, historia ya saratani, kutumia steroidi muda mrefu, au kuanguka ukiwa na mifupa dhaifu, zote ni za daktari kwanza. Kifua kikuu hushika pingili za mgongo pia, tena bila kikohozi, na brusela, ugonjwa wa bakteria unaopatikana kwa maziwa mabichi, hufika hukohuko.

Picha ya MRI

Mashine yenyewe haina kosa. Tatizo ni swali linaloulizwa. Takriban watu 9 kati ya 10 wenye maumivu ya kiuno hawana chanzo kimoja kinachoweza kuonyeshwa kwa kidole, na picha haibadilishi hilo. Mwaka 1994 ulichapishwa utafiti wa watu 98 wasioumwa mgongo kabisa. Asilimia 52 walikutwa na angalau diski moja (mto laini ulio kati ya pingili) iliyotuna. Uchambuzi wa mwaka 2015 uliokusanya tafiti nyingi za aina hiyo ulikuta dalili za diski kuchakaa kwa asilimia 37 ya watu wa miaka 20 na asilimia 96 ya wa miaka 80, wote wasio na maumivu. Kwa hiyo ripoti ikisema diski imechakaa, mara nyingi inataja umri, kama mvi zinavyoutaja.

MRI ina thamani pale maumivu yanaposhuka chini ya goti pamoja na ganzi au mguu kukosa nguvu, pale zilipo dalili za hatari, au pale upasuaji au sindano vinapofikiriwa kweli. Ripoti isomwe na mtu aliyekupima kwa mikono. Diski iliyotuna upande wa kushoto haielezi maumivu ya mguu wa kulia, na bado wapo wanaotibiwa kwa msingi huo.

Mtu asije akasikia hapa kwamba maumivu yake ni ya kubuni. Mfumo wa neva uliopokea maumivu kwa miezi mingi huwa mwepesi kupiga kengele: mguso mdogo, usingizi mbovu au wasiwasi hutosha kuuamsha. Maumivu hayo ni ya kweli kabisa. Hayaonekani kwenye picha kwa sababu picha inapiga maumbo, haipigi hali ya neva.

Kikao cha kwanza cha fiziotherapia

Hapa ndipo tofauti kati ya huduma nzuri na mbovu inapoonekana wazi, na mteja anaweza kuiona mwenyewe bila kusomea udaktari.

Kikao kizuri huchukua kati ya dakika 45 na saa nzima. Maswali yanatangulia: maumivu yalianzaje, saa ngapi za siku yanazidi, ugumu wa asubuhi unachukua dakika ngapi, kukaa na kutembea kipi kinachochea, usingizi ukoje, kazi ikoje, unaogopa kufanya nini. Hilo la mwisho likikosekana, kikao kimepungukiwa.

Kisha viatu vinavuliwa. Utatembezwa kwa visigino, halafu kwa ncha za vidole, halafu utasimama mguu mmoja na kunyanyua kisigino mara kadhaa. Kisigino kikigoma kunyanyuka upande mmoja, neva ya S1, mojawapo ya zinazotoka mwisho wa mgongo kwenda mguuni, inashukiwa. Kidole gumba cha mguu kikikosa nguvu ya kujikunja kwenda juu, macho yanaelekea neva ya L5, iliyo juu yake. Utagongwa kwa nyundo chini ya goti na nyuma ya kifundo. Utalala chali mguu ulionyooka unyanyuliwe polepole. Maumivu yakichoma kupita goti kati ya nyuzi 30 na 70, mzizi wa neva unahusika, lakini mvuto wa nyuma ya paja peke yake hauna maana hiyo. Nyonga nazo zizungushwe, kwa sababu nyonga iliyoumia hujifanya mgongo mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Baada ya hapo mtaalamu mzuri hukufanyisha mwendo uleule mara 10, mathalani kulala kifudifudi na kusukuma kifua juu kwa mikono huku kiuno kikibaki chini, akiuliza kila baada ya marudio machache: yamehamia wapi? Maumivu yakitoka kwenye paja yakarudi katikati ya kiuno, hata yakiwa makali kidogo pale kati, ni dalili njema na mwendo huo huwa sehemu ya tiba. Yakishuka kuelekea unyayo, mwendo huo unasimamishwa siku hiyo.

Unaondoka na mazoezi mawili au matatu, si kumi na mawili. Mtu akipewa kumi na mawili hafanyi hata moja kufika siku ya tano.

Sasa huduma mbovu. Unalazwa kitandani siku ya kwanza, unawashiwa taa ya joto au mashine ya ultrasaundi dakika 20, unalipa, unarudi keshokutwa kwa yaleyale, na hakuna aliyekugusa goti. Unaambiwa mfupa umehama na umerudishwa. Pingili hazihami na kurudi kwa mlio wa viungo, mlio huo ni gesi kwenye maji ya kiungo. Unauziwa vikao 20 kwa mkupuo kabla hujapimwa. Yoyote kati ya hayo yanatosha kukufanya uage kwa adabu. Kukandwa na kunyooshwa kwa mikono si vibaya, hufungua njia ya kusogea, mradi kuambatane na mazoezi.

Mtaalamu anayekufundisha kuinama, kuketi na kubeba tena bila woga anastahili kutafutwa hata kama yuko mbali. Australia walifanya jaribio la tiba ya namna hiyo kwa watu 492 wenye maumivu sugu, matokeo yakachapishwa mwaka 2023: vikao visivyozidi saba na kimoja cha kukumbushia, na nafuu ilikuwa bado ipo baada ya mwaka.

Mashine ya TENS

Ni kiboksi cha betri chenye nyaya na pedi za kunata, kinachopitisha umeme mdogo kwenye ngozi ili kuzishughulisha neva za mguso, nazo zipunguze ujumbe wa maumivu unaopanda uti wa mgongo. Tuwe wakweli: mwongozo wa mwaka 2016 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, hauipendekezi kama tiba ya maumivu ya kiuno, na sisi hatuiiti tiba. Tunaipa nafasi moja, kumsaidia mtu asogee saa ambazo maumivu yangemlaza.

Ndiyo maana wengi wanaikosea. Wanaivaa wamelala, wanaivua, wanasimama, maumivu yanarudi, wanasema haifai. Ivae unapokwenda kutembea au kufanya kazi ya nyumbani.

Osha ngozi kwa sabuni, kausha, usipake mafuta. Chukua pedi nne za sentimita 5 kwa 5, mbili kila upande wa uti wa mgongo, si juu ya mfupa wenyewe bali kwenye nyama, sentimita mbili au tatu kutoka katikati. Jozi moja juu kidogo ya panapouma, nyingine chini yake. Pedi zisigusane. Weka mapigo kati ya 80 na 120 kwa sekunde, na upana wa pigo mikrosekunde 100 hadi 200. Pandisha nguvu polepole mpaka usikie mtekenyo imara lakini usiouma. Baada ya dakika 10 au 15 mtekenyo utafifia kwa sababu mwili umeuzoea, pandisha kidogo. Wengi wanaoacha wanaacha hapo, wakidhani betri imekwisha. Dakika 30 hadi 60 zinatosha kwa mara moja.

Misuli ikirukaruka, umepita kiasi. Ikichoma kama sindano pembeni mwa pedi, kingo zimekauka na umeme unapita sehemu ndogo. Dondoshea maji kidogo, na isipotulia badilisha pedi. Upande mmoja ukizimika ghafla, kagua shingo ya waya pale unapoingia kwenye pedi, hapo ndipo hukatika. Kwa hiyo kabla ya kununua mashine yoyote uliza kama pedi na nyaya zinapatikana peke yake, kwa sababu pedi zinachoka baada ya matumizi kadhaa na mashine nzuri isiyo na pedi ni mzigo tu.

Mwenye kifaa cha moyo asiitumie bila ruhusa ya daktari wake wa moyo. Mjamzito asiiweke tumboni wala kiunoni kwa kujiamulia. Usiiweke mbele ya shingo, kwenye kidonda, au mahali penye ganzi. Usiendeshe gari wala usilale usingizi ukiwa nayo. Wiki mbili zikipita bila wewe kusogea zaidi, irudishe kama duka linakubali.

Mkanda, godoro na vidonge

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 haupendekezi mikanda ya kiuno kwa maumivu sugu, wala kuvutwa mgongo kwa mashine. Tunaukubali. Mkanda una faida kwa kazi mahususi: kubeba mizigo kwa saa moja au mbili siku ambayo mgongo umechafuka. Ukivaliwa kutwa unamfunza mtu kuamini kwamba bila huo mgongo utakatika. Ukiununua, pima mzunguko wa kiuno usawa wa kitovu kwa futi kamba, usikisie kwa saizi ya suruali. Mkanda mpana ukikaa chini ya mbavu utakukaba ukiketi.

Kuhusu godoro, jaribio la watu 313 lililochapishwa mwaka 2003 lililinganisha godoro gumu na la ugumu wa wastani, na la wastani likashinda. Hakuna haja ya kulala sakafuni.

Parasetamoli peke yake haisaidii sana kiuno. Dawa za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki zinasaidia kiasi, kwa dozi ndogo na siku chache, baada ya chakula. Mwenye vidonda vya tumbo, figo dhaifu, presha au ugonjwa wa moyo aulize kwanza. Dawa za jamii ya mofini hazifai kwa maumivu haya ya muda mrefu.

Kutembea, ambako hakuuzwi

Tembea siku tatu, kila siku mpaka maumivu yaanze kupanda, andika dakika. Tafuta wastani, anza na asilimia 80 yake. Kama wastani ni dakika 10, anza na 8, kila siku, siku nzuri na siku mbaya, kisha ongeza kama asilimia 10 kwa wiki. Kinachowaangusha watu ni siku nzuri: wanafua, wanadeki, wanabeba, halafu wanalala siku tatu. Mwaka 2024 jaribio la watu 701 waliokuwa wametoka tu kupona maumivu ya kiuno lilionyesha kwamba waliofuata mpango wa kutembea na kuelimishwa walikaa wastani wa siku 208 kabla maumivu hayajarudi, na wasiopewa mpango huo siku 112.

Kama wiki nane zimepita na hakuna kilichobadilika

Kuna ugonjwa mmoja unaopita chini ya macho ya wengi kwa miaka: uvimbe wa viungo vya mgongo na nyonga, spondilaitisi. Huanza polepole kabla ya miaka 45. Asubuhi mgongo unakuwa mgumu zaidi ya dakika 30, kupumzika kunauzidisha, kusogea kunaulegeza, usingizi unakatika nusu ya pili ya usiku, na kalio la kulia na la kushoto hupokezana kuuma. Jicho lililowahi kuwa jekundu, kuuma na kuumizwa na mwanga, au ugonjwa wa ngozi wa soriasisi, huongeza shaka. Kosa la kawaida ni kupiga MRI ya kiuno ilhali ugonjwa umekaa kwenye maungio ya nyonga na uti wa mgongo, chini ya picha. Eksirei ya maungio hayo inaweza kuwa safi kwa miaka, na CRP, kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe mwilini, kikawa cha kawaida. Omba rufaa kwa daktari wa magonjwa ya viungo, taja MRI ya maungio hayo na HLA-B27, kipimo cha damu cha alama ya kurithi inayohusiana na ugonjwa huu, na ubebe daftari la wiki mbili lenye safu tatu tu: dakika za ugumu wa asubuhi, saa uliyoamshwa na maumivu, na dakika ulizotembea.