TAHADHARI: Huyu muuza funguo za kulinda programu ni tapeli, msimpe hata senti

Wadau wote mnaoandika programu na kuziuza: kuna mtu anazunguka akijiita mtaalamu wa ulinzi wa programu. Anauza zile funguo za USB ambazo mteja asipochomeka, programu haifunguki. Mpole, nadhifu, anaongea taratibu, kila sentensi ina "mkuu" ndani yake. Mkimwona, mkimbieni. Naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Programu yangu ya stoo imeibwa na inauzwa na watu wengine. Nilikuwa natafuta ulinzi kwa udi na uvumba kwa sababu toleo la kwanza nalo lilinakiliwa bila kulipiwa. Huyu bwana alinikuta na kidonda kibichi, na nina hakika kuna mtu alishamdokezea.

Wanaonicheka pembeni nataka wasome vizuri alivyofanya, maana wangekuwepo siku ile wangelipa kabla yangu.

Alikuja na laptopu yake na ufunguo mmoja. Akauchomeka, taa yake nyekundu ikawaka. Akafungua programu yangu, niliyokuwa nimemtumia usiku wa kuamkia siku ile ili aivike ulinzi. Ikafunguka kama kawaida. Ripoti ikiwa wazi kwenye skrini, akauchomoa ufunguo bila kusema neno. Mara likaja dirisha: ufunguo haupatikani, programu inafungwa. Ikafungwa kweli. Akarudisha ufunguo, ikafunguka. Kisha akanisogezea laptopu, akanipa flashi tupu, akasema, "Haya mkuu, iba."

Nikanakili folda nzima, nikaipeleka kwenye kompyuta yangu, nikabofya. Ikagoma. Akaniwekea leseni ya muda iliyokwisha, akaniambia nirudishe saa ya kompyuta nyuma. Nikarudisha, ikagoma vilevile, kwa kuwa ufunguo ule ulikuwa na saa yake ndani. Nikafungua faili lenyewe baiti kwa baiti, nikitafuta hata jina moja la majedwali yangu ya data. Vurugu tupu, hakuna kinachosomeka. Akatabasamu kwa adabu: "Hata mimi mwenyewe siwezi kuivunja, mkuu."

Sasa niambieni, mngeuliza nini tena? Na mimi si mgeni wa mambo haya. Najua ulinzi mwingi hufa kwa sababu programu inauliza swali moja tu, ufunguo upo au haupo, na mvunjaji anageuza jibu kwa kubadilisha baiti chache. Nikamuuliza hilo. Akanijibu sawasawa: ganda linalolivika faili linausimba msimbo wenyewe wa programu, yaani linaugeuza usisomeke, na kuufumbua kunahitaji AES ya biti 128 (njia ya kusimba) inayofanyika ndani ya ufunguo, siri haitoki nje ya chipu. Nikamuuliza kuhusu emuleta, zile draiva (programu zinazoiunganisha kompyuta na kifaa) za uongo zinazojifanya ufunguo baada ya mtu kurekodi mazungumzo kati ya programu na USB. Akanijibu kwamba mazungumzo hayo nayo husimbwa, kwa hiyo kurekodi na kurudia hakusaidii. Majibu ya kweli yote! Ndiyo maana inauma. Funguo hizi zipo tangu miaka ya 1980, enzi zikichomekwa nyuma ya kompyuta kwenye tundu la printa, na za siku hizi zikitumiwa ipasavyo ni imara. Kuhusu teknolojia hakunidanganya hata kidogo. Alinidanganya kuhusu zile funguo alizoniuzia.

Nikalipa zote kwa mkupuo. Nikazigawa kwa wateja na maelezo ya kurasa nzuri kabisa, nikajitapa kwenye kundi letu hili (mmehifadhi ule ujumbe, najua, acheni kuurusha).

Halafu mteja mmoja mstaarabu akanipigia kuuliza swali. "Mbona ya kwetu ina ufunguo na ya wenzetu haina?"

Nikaomba anipatie hiyo ya wenzao. Kweli, inafunguka bila chochote. Nikadhani imevunjwa. Haikuvunjwa! Hakukuwa na ganda la kuvunja. Kwenye menyu ya ripoti imeandikwa "Ripoti ya Mauso". Hiyo "s", iliyotakiwa kuwa "z", niliirekebisha asubuhi ya siku ile ya onyesho, baada ya kumtumia faili, na wateja wote walipata iliyorekebishwa. Faili lenye "Mauso" lilitoka kwangu likaenda kwa mtu mmoja tu duniani. Ndilo linalouzwa sasa, uchi, na jina langu limefutwa kwenye dirisha la kuhusu programu.

Nikamwita yule kijana wetu wa mitandao, mnamjua, aziangalie zile funguo. Hakuhitaji hata kifaa. Alichomeka mmoja, akafungua kivinjari, akaandika localhost:1947 (anwani ya ndani ya kompyuta yenyewe), ukatokea ukurasa wa draiva unaoorodhesha funguo zilizochomekwa. Kwenye safu ya mwenye ufunguo palitakiwa pawe na msimbo wa kunitambulisha mimi. Pameandikwa DEMOMA, na namba 37515. Akachomeka wa pili: DEMOMA. Wa tatu, DEMOMA. Akanitazama, akashindwa aanzie wapi.

Kwa msiojua: kwenye familia ya funguo za Sentinel, mwandishi wa programu anayenunua rasmi anapewa msimbo wake peke yake, na funguo zake zote zinatengenezwa kwa msimbo huo. DEMOMA ni msimbo wa majaribio, unaokuja na seti wanayopewa watu wajifunzie kabla ya kununua. Mtengenezaji hana kosa, haufichi, anasema wazi kuwa si wa biashara. Ufunguo wa majaribio unafanya kila kitu unachofanya ule wa kweli. Taa inawaka, faili linavikwa, ukichomoa programu inafungwa. Ndiyo sababu onyesho lake lilikuwa safi namna ile. Lakini yeyote mwenye seti ya majaribio anaweza kuandika leseni ya programu yangu kwenye ufunguo wake mwenyewe, na programu itampokea kwa mikono miwili. Mimi nimelipia hicho kitu kama ulinzi!

Nikakumbuka nilivyomuomba ufunguo mkuu, ule ambao mwenye programu hutumia kutengeneza leseni mpya. Alinijibu, "Huo nautunza mimi mkuu, kwa usalama wako, ukipata mteja mpya niambie nakutengenezea." Na kila leseni ananitoza. Kumbe hakuwa nao kabisa, maana msimbo wa majaribio hauhitaji ufunguo mkuu. Mwizi yule! Ananitoza jasho langu kwa leseni ambazo ningeziandika mwenyewe bure!

Simu yake sasa inaita haipokelewi. Polisi nimekwenda, nikaambiwa huu ni mgogoro wa kibiashara, nikamalizane naye. Nimalizane na nani? Mtu kama huyu angevunja mlango wa stoo akabeba mzigo, angekuwa ndani siku hiyo hiyo. Kabeba kazi yangu ya miaka, anaiuza mchana kweupe, mimi naambiwa mgogoro. Afungwe. Alipe wateja wangu wote, kisha afungwe. Na wanaonunua "Mauso" wakijua ni ya wizi nao waguswe, sitaki kusikia habari ya umaskini wa biashara zao.

Mnaniuliza dalili. Dalili gani, mtu anajua kazi yake kuliko wengi wenu! Haya. Anataka faili lisilovikwa, anasema atalivika yeye. Kuvika kunafanyika kwenye kompyuta yako, kwa faili ambalo tayari limeshajengwa, huna haja ya kumtumia mtu chochote. Akikuomba msimbo chanzo, yale maandishi yako ya programu kabla ya kujengwa, ndiyo kabisa. Ufunguo mkuu anabaki nao yeye. Hakuna hati yoyote ya mtengenezaji yenye jina lako na msimbo wako. Na draiva aliyoniwekea ilifungua tundu la mtandao namba 1947 (mlango wa kuingilia kompyuta) kwa mtandao mzima, jambo ambalo Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, walilipigia kelele mwaka 2018 walipokuta udhaifu 14 kwenye programu hiyo ya leseni, lakini hilo ni balaa jingine, nimeambiwa nisasishe na nimesasisha.

Jina lake na namba siweki hapa hadharani, mwanasheria kanikataza. Kama umeuziwa funguo na mtu wa sifa hizi, usimpigie kwanza, atazima simu kama alivyonizimia. Chomeka ufunguo, fungua ule ukurasa, piga picha ya skrini inayoonyesha DEMOMA pamoja na risiti yako, unitumie faragha. Tukifika wengi kituoni na picha zinazofanana, nataka nimsikie yule askari akisema tena ni mgogoro wa kibiashara.