Filamu Gani kwa Rangi Zilizopoa Chini ya Jua Kali?

Waridi hafifu, samawati ya mlango uliopigwa na jua miaka mingi, kanzu ya rangi ya maziwa, gauni la kijani cha mnanaa la mpambe wa bibi harusi: zote hizi ni rangi zilizopoa, yaani weupe uliotiwa rangi kidogo tu. Ndiyo maana saa saba mchana, jua likiwa utosini, zinakuwa za kwanza kuharibika pichani. Ama zinatoka nzito mno, ama zinaingia ukijivu.

Nazungumzia filamu za negativu za rangi, za mm 35 na za 120 (roli pana), zinazosafishwa kwa C-41, dawa ya kawaida ya studio kwa negativu za rangi. Slaidi, yaani filamu zinazotoa picha halisi moja kwa moja bila negativu, siziingizi humu, kwa sababu ukikosea mwanga kidogo hazikusamehe, na jua la mchana wa pwani linakosesha hata wazoefu.

Unachotafuta ni filamu yenye kontrasti ndogo (tofauti ya sehemu zenye mwanga na zenye giza) na rangi zisizokolea, inayovumilia kupewa mwanga wa ziada. Maneno ya kwenye boksi yatakupotosha, kwa kuwa wauzaji husifia rangi zinazowaka, na wewe hizo huzitaki.

Ya kwanza: Kodak Portra 160

Hii ndiyo chaguo langu kwa nje, mchana, jua likiwaka. Toleo lililopo sokoni lilitoka mwaka 2011 kuchukua nafasi ya 160NC na 160VC, na ilikusudiwa wapiga picha za watu na harusi. Kontrasti yake ni ya upole, chembe zake ni ndogo, na ngozi ya kahawia haiitii wekundu wa ajabu. Ukuta wa waridi unabaki waridi.

Watu wengi watakwambia uanze na Portra 400. Lakini tupige hesabu kidogo. Kanuni ya zamani inasema kwenye jua wazi weka tundu la lenzi f/16, na shata iwe sekunde moja ikigawanywa kwa ISO, yaani namba ya wepesi wa filamu kupokea mwanga. Sasa unataka f/4, tundu lililo wazi zaidi, ili nyuma ya bibi harusi palainike. Portra 160, ukiipangia kamera ISO 80 ili ipate mwanga maradufu, inahitaji shata ya 1/1250 hivi. Portra 400 uliyoipangia 200 inahitaji 1/3200. Pentax K1000 na Canon AE-1, kamera ambazo wengi tunazo, zinaishia 1/1000. Kwa 160 uko karibu kabisa na unapotaka, wakati kwa 400 utalazimika kubana tundu la lenzi au kununua kichujio cha kupunguza mwanga.

Ubaya wake ni bei, na kwamba mara nyingi inauzwa kwa boksi la roli tano. Pia ukiingia kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, ambako jua haligusi chini isipokuwa likiwa juu kabisa, utaona haipati mwanga wa kutosha.

Ya pili: Kodak Portra 400

Kama siku yako inaanzia barazani juani, inapita uchochoroni na kuishia ndani kwenye nikaha, nunua hii wala usifikirie mara mbili. Toleo la sasa ni la mwaka 2010, na uvumilivu wake wa mwanga ni mkubwa. Ipangie 200 ukiwa nje, kisha rudisha 400 ukiingia ndani. Kwa macho yangu ina ujotojoto kidogo kuliko 160, ila kwenye picha za watu hilo si kasoro.

Ya tatu: Kodak Gold 200

Bei yake iko chini sana ya Portra, na tangu mwaka 2022 inapatikana tena kwa 120. Tatizo ni umanjano. Rangi ya maziwa inaelekea kwenye asali, samawati hafifu inachukua ukijani, na waridi linakaribia chungwa. Kwa jua la saa kumi na moja jioni mimi naipenda kuliko zote, lakini kwa rangi zilizopoa saa saba mchana unakubali hasara fulani. Ipangie 100, na fundi wa skani studioni aombwe apunguze manjano. ColorPlus 200 ni ya familia hiyohiyo ikiwa na chembe zinazoonekana zaidi, ichukue tu kama Gold haipo.

Hapa niseme jambo kuhusu Fujifilm. Wapenzi wa rangi zilizopoa walizoea Pro 400H, filamu yenye tabaka la nne la rangi, iliyofanya kijani na samawati zitulie kwa namna ambayo Kodak hawajaiiga. Januari 2021 Fujifilm walitangaza kuacha kuitengeneza, wakieleza ugumu wa kupata malighafi. Roli zilizobaki zinauzwa mitandaoni kwa bei za kutisha, na muda wake umekwisha. Usinunue. Filamu ya rangi iliyokaa kwenye joto inapoteza wepesi wa kupokea mwanga na tabaka zake hazizeeki kwa mwendo mmoja, kwa hiyo kinachoharibika mwanzo ni ule utulivu unaolipia. Muuzaji akisema ilikaa kwenye friji huna namna ya kuhakikisha. Na usidhani Fujifilm 400 ya siku hizi ni ndugu yake: roli zake nyingi zimeandikwa kwamba zimetengenezwa Marekani, na tabia yake iko karibu na Kodak UltraMax kuliko na Fuji ya zamani.

Za kuacha rafuni

Kodak Ektar 100 ni filamu nzuri mno. Kwa kanga nyekundu, matanga na rangi ya damu ya mzee, sioni mpinzani wake. Lakini inakoleza kila kitu: ukuta wa samawati hafifu unageuka bahari, nyuso zinaelekea wekundu, na vivuli vikikosa mwanga vinaingia ubuluu. Harman Phoenix 200, iliyoingia sokoni Desemba 2023, ina kontrasti kubwa, na jua la utosini litaifanya mbaya zaidi. CineStill 50D iko katikati. Rangi zake ni tulivu, ila kwa kuwa ni filamu ya sinema iliyoondolewa lile tabaka jeusi la mgongoni, panapong'aa sana hutokea utando mwekundu pembeni. Na ukiona roli za sinema za bei rahisi zenye tabaka hilo bado, usizipeleke studio ya C-41. Tabaka hilo linachafua dawa na filamu za wateja wengine.

Mwanga una kura kubwa kuliko boksi

Kipima mwanga cha kamera hakijui kwamba ukuta ule ni wa chokaa. Kinadhani kila kitu ni kijivu cha kati, hivyo ukuta mweupe ukijaza fremu kinapunguza mwanga, na rangi zako zilizopoa zinatoka zimelemewa. Mchanga wa ufukweni hufanya vivyo hivyo. Pima kiganja chako kikiwa kwenye jua lilelile analosimama mtu, kisha ongeza stopu moja, yaani mwanga mara mbili. Hapo unatoka na kipimo sahihi, na juu yake unaongeza stopu moja ya kupoza rangi, ileile unayoipata kwa kuipangia 160 kama 80. Portra itabeba hata mbili. Ukipita tatu hupati upole zaidi, unapata negativu nzito ambayo fundi wa skani anahangaika nayo.

Ukifika studio usimwambie fundi kwamba 160 uliipiga kama 80, maana anaweza kupunguza muda wa dawa akidhani anakusaidia. Mwambie asafishe kawaida. Kisha zungumza naye kuhusu skani, kwa sababu mashine za Frontier na Noritsu zinasahihisha zenyewe, na fundi aliyezoea wateja wanaotaka rangi kali atakoleza bila kuulizwa. Mpelekee picha mbili tatu kwenye simu zinazoonyesha rangi unazozitaka. Nimeona roli nzuri kabisa za Portra zikirudi kama Ektar kwa sababu hakuna aliyesema neno.

Dukani, soma tarehe ya mwisho, na uangalie filamu zimewekwa wapi. Kabati la kioo linalopigwa na jua ni sababu tosha ya kwenda duka la pili. Nyumbani ziweke kwenye friji ndani ya kopo lililofungwa, na kabla ya kufungua roli iache nje saa moja au zaidi, la sivyo unyevu wa pwani utatua juu yake. Ukisafiri kwa ndege usiziweke kwenye sanduku la mizigo. Omba zikaguliwe kwa mkono, hasa viwanja vyenye mashine mpya za CT za kukagulia mizigo, ambazo zinaweza kuharibu filamu kwa kupita mara moja tu.